Bunduki, Mpira na Mawese

Msafiri ashukaye mto kutoka Kisangani, kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, huiona Yangambi ukingoni, mkono wa kuume. Sisi wenyeji tumezoea nyumba zake za matofali na michikichi iliyopandwa safu safu. Ni wachache wanaojiuliza: vilitoka wapi, na kwa faida ya nani?

Tuanzie mbali. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijitwalia Kongo kuwa dola yake mwenyewe, kisha akaiundia jeshi, Force Publique. Askari hao walitumwa vijijini kudai mpira wa msituni. Asiyetimiza kipimo alichapwa, au mkewe alifungwa kama rehani. Kampuni ya Abir ilipewa misitu mikubwa. Nusu ya hisa zake zilikuwa za dola. Basi mtoa amri, mshika bunduki na mla faida walikuwa kitu kimoja. Mnyonge amshtaki nani, na kwa nani? Kesi ya kima, hakimu nyani.

Baada ya taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904, aibu ilienea, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaitwaa nchi. Je, kamba ile ilikatika? La, ilisokotwa upya. Mwaka 1911 serikali ilimpa Lever, tajiri wa sabuni, maeneo matano ya michikichi, mojawapo Elisabetha, leo Lokutu, chini ya mto wetu.

Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na Yangambi ikawa makao yake. Mwaka 1941 wataalamu wake, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba chikichi la ganda nene likizalishwa na lisilo na ganda hutoa la ganda jembamba, lenye mafuta mengi. Elimu hiyo ni njema, yafaa mpaka leo. Lakini mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, na majeshi ya washirika yakakosa mpira. Serikali ikaongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa msituni kugema mpira. Vita ya ng'ambo ikaingia shambani mwa mama.

Hatusemi kwamba askari, kiwanda au serikali ni kitu kibaya. Nchi yavihitaji vyote vitatu, ila kila kimoja kiwe na wa kukihoji. Basi tupitapo chini ya michikichi ile, tuwafundishe watoto jina la mti, na pia hesabu ya siku zile 120.