Moto wa umeme majumbani

Moto wa umeme majumbani ni moto unaozuka ndani ya nyumba kutokana na joto au cheche za mkondo wa umeme katika nyaya, viungo, soketi au vyombo vinavyotumia umeme. Watu wengi huuita moto wa shoti. Shoti, yaani kugusana kwa waya wenye moto na waya wa nyutro bila chombo chochote katikati, ni chanzo kimoja tu, wala si kile kinachostahili kuogopwa zaidi, kwa kuwa shoti kamili huangusha breka papo hapo, ilhali kiungo kilicholegea huweza kuchemka miezi mingi bila mtu kujua na bila breka kuanguka.

Makala hii inalitazama jambo hilo kwa mfano wa Ziba, kata yenye senta ya biashara katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, kwenye nchi ya Unyamwezi. Nyumba za kale za Wanyamwezi zilikuwa misonge ya nyasi na matembe, yaani nyumba zenye paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Za sasa nyingi ni za tofali na bati, na katika senta za namna hii fremu za maduka hukaa mbele na familia hulala nyuma, chini ya paa moja. Umeme wa vijijini umesambazwa kwa kasi tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kazi mwaka 2007, na ada ya kuunganishiwa huduma kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Ni neema kubwa. Hata hivyo nyumba nyingi zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa chache na kuchaji simu, na sasa zinaongezewa friji, pasi na jiko, hasa baada ya serikali kuzindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034.

Kanuni inayotawala hatari hii ni nyepesi kueleweka. Kila waya una ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo usipite kwa uhuru, na joto linalozaliwa ndani yake hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kiasi kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Katika umeme wa Tanzania, ambao ni wa volti 230, birika la wati 2,000 huvuta karibu ampia 9. Likichomekwa kwenye ekstensheni moja pamoja na jiko la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, mkondo hufikia takriban ampia 23, wakati soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampia 13. Kiungo kilicholegea ni kibaya zaidi kwa sababu joto lote hukusanyika mahali pamoja: ukinzani wa nusu omu tu ukipitiwa na ampia 10 hutoa wati 50, joto linalolingana na lile la kifaa cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, tena ndani ya boksi la plastiki lililoegemea mbao. Plagi yenye joto kali, soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, harufu ya plastiki inayoungua na taa inayofifia kila jiko linapowashwa ni dalili za hali hiyo, na chombo kinachozitoa hakipaswi kutumika hata siku moja zaidi.

Jambo linalosahaulika mno katika nyumba za bati ni joto la darini. Ganda la plastiki la nyaya za kawaida huvumilia nyuzi 70 za selsiasi, na uwezo unaotajwa kwa waya huhesabiwa kwa mazingira ya nyuzi 30. Hewa ikifikia nyuzi 50, jambo lisilo ajabu chini ya bati mchana wa Oktoba, waya huohuo hubaki na takriban asilimia 71 ya uwezo wake. Kwa hiyo waya wa milimita za mraba 1.5, unaofaa taa, usilishe soketi. Soketi hutandaziwa 2.5, na jiko kubwa huwekewa njia yake peke yake, mara nyingi ya 6. Nyaya za darini pia hugugunwa na panya, ndiyo maana kuzipitisha ndani ya mabomba ya plastiki ni gharama isiyofaa kukwepwa.

Breka ipo kuulinda waya, si chombo, na ukubwa wake hufuata waya. Breka inayoanguka mara kwa mara inatoa taarifa ya kweli, na kuibadilisha kwa kubwa zaidi, au kuifunga fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya, ni kuiziba taarifa hiyo huku waya ukiendelea kuungua. Breka peke yake, hata hivyo, haitoshi katika nchi yenye kiangazi kirefu kama Tabora. Waya wa athi, unaounganisha vyombo vya chuma na fimbo iliyopigiliwa ardhini, hutegemea unyevu wa udongo, na udongo ukikauka ukinzani wake hupanda. Ukifika omu 50, umeme unaovuja kupitia fimbo hiyo hautazidi ampia 4.6, breka ya ampia 20 haitatikisika, na mahali ganda lilipochubuka pataendelea kuchemka. Tiba ni kufunga pia kikatio kinacholinganisha mkondo unaoingia na unaorudi, ambacho hukata umeme pakivuja kiasi cha miliampia 30. Fimbo nayo ipigiliwe kina cha kutosha.

Kazi hizi ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na vifaa viwe na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Vishoka, yaani mafundi wa kujipachika, hutoza kidogo kwa sababu hupunguza unene wa waya na kuacha athi, na muhuri wa mkandarasi unaothibitisha kazi hauna thamani iwapo aliyeugonga hakuikanyaga nyumba yenyewe. Kwa nyumba ndogo isiyo na nyaya, TANESCO, shirika la umeme, huwa na UMETA, kifupi cha Umeme Tayari, kifaa chenye swichi, soketi na breka zake, ambacho ni salama kuliko nyaya za kuungaunga.

Umeme unapokatika, pasi na jiko vichomolewe, kwani umeme hurudi wakati wenye nyumba wako shambani au usingizini. Umeme mdogo, unaosumbua nyumba zilizo mwisho wa laini, huifanya mota ya friji ivute mkondo mkubwa na kupata joto. Nyutro ikikatika kwenye laini ya nyaya tatu za moto, kinyume chake, nyumba huweza kupata volti zinazokaribia 400, na taa zinapong'aa kupita kiasi swichi kuu izimwe bila kungoja.

Moto ukishawaka, watu hutolewa nje, na umeme hukatwa iwapo swichi kuu inafikika bila hatari. Maji hayamwagwi kwenye kitu chenye umeme. Mchanga mkavu au kizimamoto cha unga hufaa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini magari yake hukaa mijini, na kwa senta iliyo mbali saa za mwanzo ni za majirani. Wakaaji wote, watoto wakiwamo, wajue swichi kuu ilipo. Penye sola, swichi hiyo haimalizi kazi: paneli huendelea kuzalisha umeme maadamu jua linawaka, na betri ya volti 12 hutoa mkondo mkubwa sana ikipigwa shoti, hivyo fyuzi yake hufungwa karibu kabisa na betri, na mfumo huo huwekewa swichi yake mahali panapofikika.