Habari moja, fasi moja

Nianze na kisa changu mwenyewe. Mwaka nilipomaliza lisansi ya informatike, nilikosa kazi juu ya herufi moja. Waajiri waliomba atestasyo na releve ya pointi. Nilipokwenda kuzichukua, nikakuta postnomu yangu imeandikwa kwa namna tatu: namna moja kwenye rejista ya kuandikisha wanafunzi, ingine kwenye kitabu cha malipo, ya tatu kwenye orodha ya pointi. Wakaniuliza: "Hawa ni watu watatu. Wewe ni nani kati yao?" Mimi nikacheka, wao hawakucheka. Kurekebisha kulichukua wiki sita, na siku ya mwisho ya kuleta dosye ikapita.

Ofisi ile siilaumu sana. Kila mwandishi alinakili kwa mkono, na kwa nia nzuri. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba dawa ya ugonjwa ule nilikuwa nimeisoma darasani, nikapata 16 juu ya 20, lakini nilipoukuta ugonjwa wenyewe kwenye korido sikuutambua. Dawa hiyo inaitwa normalizasyo. Wengi tunaikariri kwa ajili ya mtihani bila kujua ilitoka wapi.

Turudi katika miaka ya 1960, Marekani. Wakati huo watu wa programu ya Apollo walikuwa wakitengeneza roketi ya kupeleka binadamu mwezini, na roketi ile ilikuwa na vipande vingi mno. Kampuni ya IBM na wenzake wakatengeneza programu ya kuvihesabu, ambayo baadaye iliitwa IMS. Ilipanga habari sawa vile mti: shina, matawi, kisha majani. Kutafuta jani, lazima ujue njia ya kupanda. Mti ulifanya kazi, ila ukibadilisha matawi, programu zilizozoea njia ya zamani zinapotea.

Ndani ya IBM hiyohiyo, kule San Jose, California, kulikuwa mwanahisabati mmoja, Edgar F. Codd. Alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akasoma Oxford, na wakati wa vita vya pili vya dunia alirusha ndege za jeshi. Mwezi wa 6 mwaka 1970 alitoa makala iliyobadilisha mambo. Alichukua mfano mdogo tu, wa vipande na miradi inayovitumia, akaonyesha kwamba habari zilezile zinaweza kupangwa kwa mti wa namna tano. Programu iliyoandikwa kwa mpango mmoja haitafanya kazi kwa mipango yote. Basi, akasema, tuache njia. Tuweke habari katika majedwali ya kawaida, mistari na safu, na kila mstari utambulike kwa ufunguo wake. Anayetafuta aseme anataka nini, mashine yenyewe itafute njia.

Makala hiyo njo ilileta pia wazo la normalizasyo, na katika miaka iliyofuata Codd akaongeza ngazi ya pili na ya tatu. Tuzielewe kwa mfano wa fakilte. Chukua jedwali moja kubwa lenye matrikile, jina la mwanafunzi, kodi ya somo, jina la somo, profesa, simu ya profesa, na pointi. Profesa akibadilisha simu, utasahihisha mistari 200, na ukisahau mmoja tu, utakuwa na ukweli mbili. Somo jipya lisilo na mwanafunzi bado, hauna fasi ya kuliandika. Mwanafunzi wa pekee wa somo fulani akijitoa, ukifuta mstari wake, somo lenyewe linapotea pamoja naye.

Ngazi ya kwanza inasema: chumba kimoja, habari moja, usirundike masomo matano katika chumba kimoja. Ya pili: kila habari itegemee ufunguo mzima. Pointi zinategemea matrikile na kodi ya somo pamoja, lakini jina la mwanafunzi linategemea matrikile peke yake, kwa hiyo liende katika jedwali la wanafunzi. Ya tatu: habari isitegemee kitu kingine kisicho ufunguo. Simu ni ya profesa, si ya somo. Basi profesa apate jedwali lake. Mwishoni unabaki na majedwali manne: wanafunzi, masomo, maprofesa, pointi. Jina linaandikwa mara moja tu. Kwingine kote inatembea matrikile.

IBM haikukimbilia wazo la mtu wake. Ilikuwa inauza IMS, na biashara ilikuwa nzuri. Watafiti wake walijenga mfumo wa majaribio, System R, na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakabuni lugha ambayo leo tunaiita SQL. Lakini kampuni ndogo, ile iliyokuja kuitwa Oracle, iliwatangulia sokoni mwaka 1979. IBM ilifuata mwaka 1981, na mwaka huohuo Codd akapewa tuzo ya Turing.

Katikati ya hayo, mwaka 1976, Peter Chen alitupatia kitu ambacho kila mwanafunzi wa informatike anakichora kwenye TFC yake: mchoro wa vitu na mahusiano. Kisanduku kwa kitu, almasi kwa uhusiano. Mwanafunzi anafuata masomo mengi, na somo lina wanafunzi wengi. Uhusiano wa wengi kwa wengi namna hiyo unahitaji jedwali lake, na hapo njo pointi zinapata makao.

Tusidanganyane: normalizasyo haizuii mtu kukosea herufi. Ingekuwa katika rejista ile, jina langu lingeweza kuandikwa vibaya vilevile. Ila lingekuwa kosa moja, fasi moja, na kulisahihisha ni dakika mbili, si wiki sita.

Mwaka jana watu wa likelemba ya mtaa wetu waliniomba niwatengenezee orodha ya michango kwenye kompyuta. Nikafungua faili, nikaanza: jina, simu, mwezi, pesa. Mwezi wa pili nikaandika tena majina yote. Mwezi wa tatu mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, mbona hapa umeniandika vingine?" Niliona haya. Nilifunga mashine, nikachukua karatasi, nikachora visanduku viwili na almasi katikati. Wanachama upande mmoja, miezi upande mwingine, michango katikati.

Ninyi mnaoandaa TFC, anzeni na karatasi hiyo mbele ya kufungua mashine. Kwa kila habari jiulizeni: hii ni habari ya nani, na imeshaandikwa fasi ingine? Juri inaweza isiulize. Kuna mtu siku moja atasimama mbele ya dirisha la ofisi na jina lake, na yeye ataulizwa.