Simu Aliyopiga Luria: Habari za Carl Woese na Herufi za Bakteria

Inakaribia kutimia nusu karne tangu gazeti la New York Times, tarehe 3 Novemba 1977, litoe katika ukurasa wa mbele habari za Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, mtu ambaye ilimu yake ndiyo iliyoziwezesha maabara za hospitali kuitambua bakteria kwa kusoma herufi za jeni zake, na ambaye, kwa masikitiko, ni wachache mno wanaolitaja jina lake.

Kabla yake watabibu walitegemea kuotesha vijidudu katika sahani na kuvitia rangi kwa njia aliyoibuni daktari aitwaye Gram mwaka 1884. Woese, akitafuta udugu wa vijidudu, aliichagua RNA ya ribosomu iitwayo 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, kwa kuwa kila bakteria inayo, nayo hubadilika polepole mno. Akavilisha vijidudu fosforasi yenye mnururisho, akaikata RNA yao vipande vipande kwa kimeng'enya, kisha akasimama mbele ya ubao wa taa, mwaka baada ya mwaka, akiyasoma madoa meusi ya filamu kubwa za eksirei.

Mzozo ulizuka pale yeye na George Fox waliponena kwamba vijidudu vitoavyo methani, ambavyo Ralph Wolfe wa chuo hicho hicho ndiye aliyekuwa bingwa wavyo, si bakteria asilani, bali ni jamii ya tatu ya viumbe. Habari zilitangulia magazetini kabla wanachuoni wengi hawajaiona makala yenyewe, na ghadhabu ikawapanda. Wolfe alisimulia baadaye kwamba miongoni mwa waliompigia simu alikuwamo Salvador Luria, mshindi wa Nobel wa mwaka 1969 na rafiki yake tangu Luria mwenyewe alipokuwa Illinois, akimsihi ajitenge na upuuzi ule asije akajiharibia kazi. Wolfe akamjibu kwamba ushahidi ni thabiti na umo katika toleo jipya la jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi, na Luria akakiri kwamba nakala yake ndiyo kwanza imewasili. Kumbe kadhi alikwisha kukata hukumu na hati hajaifungua! Wolfe akamwambia apige tena akiisha kuisoma. Hakupiga.

Faida ya herufi hizo kwa wagonjwa ilidhihirika baadaye: maradhi ya Whipple, yaliyoelezwa tangu 1907 na ambayo kijidudu chake kilikataa kuota, yalifumbuliwa mwaka 1992, David Relman wa Stanford na wenziwe walipoisoma 16S moja kwa moja katika vipande vya tishu za wagonjwa.

Woese alipewa tuzo ya Crafoord mwaka 2003, akafariki tarehe 30 Desemba 2012 pasi na Nobel, jambo ambalo sioni udhuru wake. Siku hizi mashine zinazopima uzito wa protini zimetwaa sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, na 16S huachiwa yaliyoshindikana, kama vile vali ya moyo ya mgonjwa aliyekwisha kutumia viuavijasumu, ambayo katika sahani haioti kitu.