Sadaka ya Shukrani huko Delphi

Mtu akiokoka katika hatari kubwa, moyo wake humwambia asiende mikono mitupu kwa aliyemwokoa. Lakini atoe nini? Na katika sadaka hiyo litajwe jina la nani? Maswali haya yaliwasumbua hata watu wa kale wasiomjua Mungu wa kweli. Leo twataka kueleza jinsi Wayunani walivyomshukuru Apollo, mungu wao wa Delphi.

Mwaka wa 480 kabla ya kuzaliwa Kristo, Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliingia nchi ya Wayunani na jeshi kubwa mno, akauteketeza mji wa Athens. Lakini merikebu zake zilishindwa vitani karibu na kisiwa cha Salamis. Basi katika nyara Wayunani walitenga malimbuko kwa miungu yao, na huko Delphi wakapeleka sanamu ya mtu, urefu wake mikono 12, ameshika omo la merikebu.

Herodotus, mwandishi wa habari hizo, asema kwamba walimwuliza mungu kama sadaka yao imetosha. Wakajibiwa kwamba ya wengine imetosha, ila ya watu wa Aegina bado. Kwa kuwa hao ndio waliopewa sifa ya ushujaa kuwapita wote katika vita vile. Ndipo watu wa Aegina walipoleta nyota tatu za dhahabu juu ya mlingoti wa shaba. Hapa twaona kanuni mbili. Zawadi ifanane na jambo lenyewe: walioshinda baharini walitoa omo na mlingoti. Tena aliyepata heshima kubwa adaiwa shukrani kubwa.

Mwaka wa 479 Wayunani walilishinda jeshi la nchi kavu huko Plataea. Wakatenga fungu la kumi la nyara, wakafanya nguzo ya shaba, mfano wa nyoka watatu waliosokotana, na juu ya vichwa vyao wakaweka kiti cha dhahabu chenye miguu mitatu. Zawadi hiyo ilimfaa Apollo, maana mwaguzi wake wa kike alikalia kiti cha miguu mitatu alipotoa majibu.

Lakini Pausanias wa Sparta, jemadari wa vita vile, aliamuru yaandikwe pale maneno ya kwamba yeye, mkuu wa Wayunani, ndiye aliyewaangamiza adui, naye ndiye atoaye zawadi. Watu wake mwenyewe hawakukubali. Waliyafuta maneno yale, wakachora majina ya miji yote iliyoshiriki vita. Majina yaliyomo katika nguzo ni 31. Hata watu wa Tenos wamo, kisiwa kidogo ambacho merikebu yake moja tu iliwaacha Waajemi, ikawaletea Wayunani habari kabla ya vita vya Salamis.

Dhahabu ile haikudumu. Wafokia, walioliteka hekalu mwaka wa 356, waliitwaa wakawalipa askari wao. Nguzo ya shaba ilihamishwa na Kaizari Constantine, akaisimamisha katika mji wake mpya, ambao leo huitwa Istanbul, katika nchi ya Uturuki. Ingali imesimama huko. Vichwa vya nyoka vimevunjika, na Apollo hana tena wa kumwabudu. Lakini wataalamu wameyasoma majina ya miji ile katika shaba, na la Tenos pia.

Sisi hatutoi sadaka kwa Apollo. Hata hivyo, ugonjwa wa Pausanias twaujua. Siku ya mavuno mtu huleta debe lake la mahindi, kisha hutega sikio asikie kama jina lake litasomwa la kwanza. Je, mahindi hayo amemletea Mungu, au amejiletea mwenyewe? Wasparta walikuwa wapagani, lakini walijua kwamba shukrani ikimtukuza mtoaji si shukrani tena, nao hawakuona haya kuyafuta maneno ya mkubwa wao.