Lenzi na kioo: maana, matumizi na istilahi za utengenezaji

lenzi *nm* [i-/zi-] 1. kipande cha kioo au plastiki angavu chenye uso mmoja au nyuso mbili zilizopinda, kinachopindisha miale ya nuru inayokipenya ili ikutane au itawanyike. 2. sehemu ya jicho iliyo nyuma ya mboni, ifanyayo kazi hiyohiyo.

kioo *nm* [ki-/vi-] 1. maada ngumu na angavu itengenezwayo kwa kuyeyusha mchanga pamoja na magadi na chokaa. 2. kitu kilichotengenezwa kwa maada hiyo: *kioo cha dirisha*. 3. kitu kinachoakisi sura: *jitazame kwenye kioo*.

hadubini *nm* [i-/zi-] chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

darubini *nm* [i-/zi-] chombo cha kuonea vitu vilivyo mbali.

Asili

*Lenzi* limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipokea kutoka Kilatini, ambamo neno hilo lilikuwa jina la adesi. Kipande cha kioo kilichobinuka pande zote mbili kilifananishwa na punje ya nafaka hiyo ya jamii ya kunde. Kiarabu kimefuata mfano huohuo: *adasa* ni punje ya adesi na pia ni lenzi. Kiswahili kilichukua *adesi* kwa maana ya chakula tu. Maana ya chombo ikaja baadaye kwa njia nyingine. *Darubini* ni neno la Kiajemi lenye sehemu mbili: *dur*, mbali, na *bin*, kuona.

Tofauti inayosahaulika

Kila lenzi ya kioo ni kioo kwa maana ya kwanza, lakini si kioo kwa maana ya tatu. Lenzi hupitisha nuru. Kioo cha kuakisi huirudisha. Katika mazungumzo ya nyumbani mkanganyiko huo hauna madhara. Katika maabara unayo.

Tuseme kituo cha afya kisiwani Ukerewe kinaandika barua kwenda Mwanza mjini: *Kioo cha hadubini yetu kimevunjika, tunaomba kingine.* Msomaji wa barua hiyo anaweza kuelewa mambo matatu. Huenda ni slaidi, yaani kipande bapa kinachowekewa sampuli, ambacho hununuliwa kwa boksi. Huenda ni kioo cha kuakisi kilicho chini ya hadubini za aina ya zamani, kinachopeleka mwanga wa dirishani kwenye sampuli. Au huenda ni lenzi ya kukuzia, sehemu yenye gharama kubwa kuliko hizo mbili. Kikipelekwa kisichotakiwa, kivuko kitarudi na boksi la slaidi, na wagonjwa wataendelea kungoja. Kwa hiyo katika maandishi rasmi inafaa kuandika slaidi, kioo cha kuakisi na lenzi, kila kimoja kwa jina lake.

Istilahi za utengenezaji

Vitenzi vya kazi hii navyo vinahitaji uangalifu. Waandishi wengi hutumia *kusaga* kwa kila hatua. Kitenzi hicho hakifai sana, kwa sababu kinachosagwa, kama mahindi, huishia kuwa unga. Katika karakana ya lenzi unga ni kifaa, na kioo ndicho kinachobaki. Hatua zenyewe ni hizi:

*kuchonga*: kukipa kipande ghafi umbo la awali kwa kifaa chenye chembe za almasi, madini ambayo wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanayafahamu kwa mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga. Hapa huamuliwa kama uso utakuwa mbinuko, yaani uliotokeza nje, au mbonyeo, yaani ulioingia ndani.

*kusugua*: kukizungusha kioo juu ya sahani ya chuma yenye mpindo unaolingana nacho, kati yao pakiwa na maji na unga mkali kama vile kabidi ya silikoni. Unga hubadilishwa, kutoka chembe kubwa hadi chembe ndogo. Kabla ya kila badiliko kila kitu huoshwa kabisa, kwa kuwa chembe moja kubwa iliyosalia huacha mkwaruzo utakaolazimu hatua nzima kurudiwa. Mwisho wa kusugua, kioo huwa na weupe wa ukungu na hakipitishi sura.

*kung'arisha*: kuuondoa ukungu huo kwa sahani iliyopakwa lami laini na maji yaliyochanganywa na unga mwororo wa oksidi ya seriamu. Lami hulegea polepole na kuufuata mpindo wa kioo. Katika lugha ya nyumbani kung'arisha ni kufanya kitu kipendeze. Katika karakana ni kuendelea kuondoa kioo kwa kipimo kidogo mno. Lenzi inaweza kung'aa kama maji ya kisimani na bado ikawa na umbo baya.

*kupaka*: kuuvika uso utando mwembamba. Lenzi hupakwa utando wa kupunguza mng'ao, na kioo cha kuakisi hupakwa alumini ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Kioo cha kujitazamia nyumbani hupakwa upande wa nyuma, ili utando usikwaruzwe. Kioo cha kuakisi cha darubini hupakwa upande wa mbele, ili nuru isipite kwanza ndani ya kioo na kuleta sura ya pili hafifu.

Kipimo cha usahihi

Usahihi wa nyuso hizi hupimwa kwa urefu wa wimbi la nuru. Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 550, na kanuni ya kawaida hutaka kosa la jumla katika mawimbi ya nuru lisizidi robo ya urefu huo, yaani nanomita 140 hivi. Unywele wa binadamu una unene unaozidi kipimo hicho mara mamia.

Hapa tofauti ya lenzi na kioo cha kuakisi huonekana kwa hesabu. Kibonyeo kilicho juu ya kioo cha kuakisi huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa nuru huingia ndani yake na kutoka tena. Kibonyeo cha kina kilekile juu ya lenzi ya kioo cha kawaida huleta nusu tu ya kina chake, kwa kuwa nuru ndani ya kioo hupungua mwendo kwa kiasi fulani tu. Basi uso wa kioo cha kuakisi hudai usahihi mara nne ya ule wa lenzi. Anayeviita vyote viwili *kioo* anaificha tofauti hiyo.

Ili kuona makosa hayo, fundi huweka kioo cha kupimia juu ya lenzi na kutazama pete za Newton, mistari ya rangi inayotokea penye mwanya mwembamba kati ya nyuso mbili. Pete zikiwa za mviringo kamili, uso ni sawa. Zikipinda, pana kosa. Kwa vioo vya kuakisi, Léon Foucault alieleza mwaka 1858 njia ya kuukata mwali wa nuru kwa makali ya kisu kwenye fokasi. Kivuli kinachotokea huonyesha vilima na mabonde ambayo kidole hakiwezi kuyahisi.

Matumizi katika Kanda ya Ziwa

Historia ya tiba kandokando ya ziwa hili imeandikwa kwa lenzi. Mwaka 1902 na 1903, huko Entebbe, hadubini ilionyesha vimelea vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Robert Koch alikuja kuuchunguza ugonjwa huo katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907. Lenzi za aina aliyoitumia, zinazozamishwa katika mafuta, zilitokana na kazi ya Ernst Abbe huko Jena, Ujerumani, miaka ya 1870.

Leo, jijini Mwanza na katika vijiji vya wavuvi, chombo hichohicho hutafuta kichocho na malaria. Yai la kichocho cha tumbo lina urefu wa mikromita 140 hivi na mwiba ubavuni. Lenzi ya ukuzaji mdogo hulionyesha. Lakini katika kipimo cha Kato-Katz huchunguzwa miligramu 41.7 tu za choo, na kila yai lililoonekana huzidishwa kwa 24. Yai moja likifichwa na lenzi yenye doa, hesabu hupungua kwa 24, na mgonjwa mwenye mayai machache anaweza kuambiwa hana ugonjwa. Kimelea kichanga cha malaria ni kidogo zaidi, mikromita 2 hivi, na huhitaji lenzi ya mafuta. Mafuta hayo ni sehemu ya mfumo wa lenzi, kwa kuwa yametengenezwa yapindishe nuru sawa na kioo. Mafuta ya kupikia hayawezi kushika nafasi yake.

Penye unyevu, kuvu huota juu ya lenzi na kuharibu utando wake. Lenzi hutunzwa mahali pakavu na kufutwa kwa karatasi maalumu, si kwa pindo la koti.

Dar es Salaam tayari zimetengenezwa hadubini za mradi wa OpenFlexure, ambazo mwili wake huchapwa kwa plastiki. Lenzi zake za kukuzia hununuliwa zikiwa tayari. Umbali uliobaki ni ule wa kuchonga, kusugua na kung'arisha, na fundi atakayefundishwa kazi hiyo kwa Kiswahili atahitaji maneno yasiyochanganya hatua moja na nyingine.

Angalizo

*Darubini* husikika mara nyingi, hata maabara, kwa maana ya hadubini. Katika mazungumzo yanaeleweka. Katika maandishi ya kitaalamu yatenganishwe. Maduka ya miwani kwa kawaida hukata kingo za lenzi zilizokwisha kung'arishwa ili ziingie kwenye fremu. Kazi hiyo iitwe *kukata lenzi*, isiitwe *kutengeneza lenzi*.

Mifano

Lenzi ya mafuta imeota kuvu. Tunaomba lenzi nyingine ya ukuzaji wa mara 100.

Kioo cha kuakisi kimesuguliwa vizuri, ila bado hakijang'arishwa.

Uso unang'aa, lakini pete za Newton zimepinda. Urudishwe kwenye lami.

Tazama pia: *akisi, fokasi, miwani, mwale, slaidi*.