Mjara: Jina la Mti na Kazi ya Mkerezaji

Waingereza walipoanzisha koloni lao kando ya Mto Swan, kusini-magharibi mwa Australia, mwaka 1829, walikuta mti mkubwa wenye mbao nyekundu. Wenyeji wa huko, Wanoongar, waliuita djarraly. Wageni walitazama wekundu wake tu, wakauita mahogani wa Mto Swan. Kumbe haukuwa mahogani hata kidogo, bali aina ya mkaratusi. Hatimaye jina la wenyeji ndilo lililodumu, nao wafanyabiashara wa mbao wakalitamka jarrah.

Twakikumbusha kisa hiki kwa sababu mfasiri wa Kiswahili aweza kurudia kosa lile lile. Akitafsiri kitabu cha ukerezaji na kuandika "mninga" kwa kufuata rangi, atakuwa ameupotosha mti. Akiandika "mkaratusi" tu, atakuwa amesema nusu ya kweli, kwani mikaratusi ina aina zaidi ya 700, na msomaji wetu atafikiria nguzo na kuni.

Kwa fundi, tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mbao za jarrah zilizokauka zina uzito wa kilo 800 hivi kwa kila meta ya ujazo, nazo zahitaji patasi inayonolewa mara kwa mara. Zikiwa mbichi hunywea, na zikikauka upesi hupasuka. Kwa hiyo mkerezaji hupaka nta kwenye vichwa vya gogo, hukereza kwanza bakuli nene, huliacha likauke kwa miezi kadhaa, kisha hulirudisha kwenye kerezo alikamilishe. Mwanafunzi aliyepewa jina lisilo sahihi atachagua mti usiofaa, na jasho lake litapotea.

Lugha yetu si maskini katika ufundi huu: kukereza, kerezo na mkerezaji ni maneno yetu ya siku nyingi. Lililopungua ni jina la mti. Twapendekeza mjara, wingi mijara. Na mbao zake ziitwe mbao za mjara. Linapotajwa mara ya kwanza, lifuatwe na maelezo "aina ya mkaratusi wa Australia".

Mwaka 2024 Serikali ya Australia Magharibi ilikomesha ukataji mkubwa wa kibiashara katika misitu ya asili. Mbao zinapoadimika, majina ya kubahatisha huzidi kuleta hasara. Walimu na mafundi wenye maoni juu ya pendekezo hili hawana budi kutuletea kabla halijasanifishwa.