Kahawa Ni Mali ya Nani? Tija ya Mashirika ya Umma katika Gitega na Muyinga

Makala hii inajadili tija ya mashirika ya umma nchini Burundi kwa kurejelea zao la kahawa katika maeneo ya Gitega na Muyinga. Hoja yake ni kwamba tija hiyo haipimwi kiwandani pekee, kwani huanzia katika shamba la mkulima.

Kilimo cha kahawa kilienea Burundi katika miaka ya 1930 kwa shuruti ya utawala wa Kibelgiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, dola ilirithi sekta hiyo na hatimaye kuitaifisha. Tangu miaka ya 1980 vilijengwa vituo vingi vya kuoshea kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 usimamizi wa vituo hivyo ulikabidhiwa kampuni za SOGESTAL, zikiwemo ya Kirimiro, mkoani Gitega, na ya Kirundo-Muyinga. Ukobozi ulikuwa kazi ya SODECO, na OCIBU ikaratibu sekta nzima.

Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki, lakini ulimweka mkulima mahali pabaya. Matunda mabivu ya kahawa hayana budi kumenywa ndani ya saa chache baada ya kuchumwa. Hivyo mkulima aliyakabidhi upesi, kisha akasubiri malipo. Aliyeshindwa kusubiri alimenya kahawa yake nyumbani na kumuuzia mchuuzi mwenye fedha taslimu. Kituo kilipokosa matunda, gharama zake hazikupungua: mishahara na matengenezo viligawanywa kwa kilo chache zaidi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 na vikwazo vya nchi jirani vya mwaka 1996 viliongeza uzito wa mzigo huo.

Mwaka 2007 serikali ilitangaza kwamba kahawa ni mali ya mkulima hadi inaposafirishwa nje, na mwaka 2009 baadhi ya vituo viliuzwa kwa wawekezaji. Hata hivyo, mwaka 2019 dola ilirejea kupitia shirika jipya, ODECA.

Kwa kuhitimisha, mabadiliko ya umiliki, kutoka kwa dola kwenda kwa wawekezaji na kurudi tena, hayajajibu swali la msingi: mkulima hulipwa lini, na kwa bei iliyopangwa na nani? Mageuzi yasiyoanza na swali hilo yatarekebisha mitambo na kuiacha mibuni izeeke bila kupogolewa.